Seva Iliyogoma na Madam Aliyegoma Zaidi

Sitamtaja jina, na najua atanikasirikia kwa hilo. Lakini kesi ya kiwanja haijaamuliwa, na mimi bado nakula kwa kazi ya kompyuta hapa Nairobi, mji ambao ukiujua vizuri ni mdogo kuliko unavyojidai. Kwa hiyo nitamwita kama tulivyomwita sote, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkurugenzi mwenyewe. Tulimwita Madam.

Kiwanja ninachokisema kiko Kabiria, karibu na nyumbani kwake. Ni uwanja wa vumbi wenye magoli mawili yasiyo na nyavu. Watoto huchezea mpira hapo, makanisa hufanyia mikutano, na mwenye harusi asiyeweza kukodi ukumbi huweka hema lake hapo bila kuulizwa. Kuna watu wanataka kukijengea magorofa. Wakazi walipinga kwa maandishi, na maandishi yao yalikuwa ndani ya seva yetu siku ile ilipogoma kuwaka. Kama kiwanja kitabaki, kitabaki kwa sababu ya ukaidi wa mwanamke mmoja, na mimi nauandika ukaidi huo kama ulivyokuwa, kabla watu hawajaanza kuuita subira.

Madam alikuwa mkuu wa seva katika kampuni yetu kule Hurlingham. Seva, kwa asiyejua, ni kompyuta inayokaa macho siku zote ili tovuti za watu zionekane kwenye simu yako. Sisi tulitunza tovuti za hoteli, za maduka, za zahanati na za shule, zote zikiwa zimebanana ndani ya mashine moja kubwa na nyingine ndogo za kusaidia. Ofisi ilikuwa nyumba ya zamani ya kuishi, kando ya Barabara ya Argwings Kodhek, na chumba cha seva kilikuwa stoo ya jikoni enzi za wenye nyumba. Ukiingia, baridi ya kiyoyozi ilikupiga usoni, na bado palinuka vitunguu kwa mbali. Madam aliingia humo na sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe, yenye mifuko miwili mikubwa kuliko inavyohitajika.

Mifuko hiyo ilikuwa na kazi. Seva ikigoma, sheria yake ya kwanza ilikuwa kila mtu atie mikono mfukoni. Asiye na mfuko aliikalia. Alisema mtu mwenye hofu hubonyeza, na kila akibonyeza anaongeza tatizo lake juu ya lile alilolikuta. Basi ungetukuta watu wazima, wenye shahada zetu, tumekaa juu ya viganja mbele ya skrini kama watoto wanaosubiri chanjo, na simu za wateja zinalia chumba cha pili. Hakuna kugusa mpaka usome, na hakuna kusema umesoma mpaka umwambie yeye.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mashine huandika matatizo yake kwa Kiingereza, na sisi tulizoea kuyasoma kama tunavyosoma vibandiko vya dawa, macho yanapita tu. Madam hakutaka kusomewa.

"Usinisomee," alikuwa akisema. "Niambie."

"Inasema permission denied, Madam."

"Nimesikia. Sasa niambie kwa Kiswahili. Nani amekatazwa? Kufanya nini? Wapi?"

Ulipojaribu kueleza kwa Kiswahili, ndipo ulipogundua kwamba hukuwa umeelewa hata nusu. Ukibabaika, alikutuma kwa mhasibu, umweleze yeye, na akielewa urudi. Mhasibu alivumilia kwa muda, halafu siku moja akatangaza mbele ya ofisi nzima kwamba yeye aliajiriwa kupiga hesabu, si kusikiliza maungamo ya kompyuta. Madam alicheka hadi akakaa chini. Kesho yake akamtuma mwingine kwa mhasibu huyohuyo.

Alikuwa na vita na neno "imekataa". Nairobi kila kitu kinakataa. Gari limekataa, simu imekataa, mlango umekataa. Ukimwambia Madam seva imekataa, alikuuliza imekataa kwa sababu umeikosea heshima au vipi. Kwake mashine haikuwa na uwezo wa kukataa. Iliomba kitu ikakikosa, na kazi yako ni kujua iliomba nini.

Vita kubwa zaidi ilikuwa na maneno mengine, yale ya "hitilafu ya kiufundi". Unayajua. Maji yakikatika, ni hitilafu ya kiufundi. Benki ikifungia watu pesa zao mwisho wa mwezi, ni hitilafu ya kiufundi, tunaomba radhi kwa usumbufu. Madam alikuwa akipata ujumbe kama huo kwenye simu, anapiga nambari ya huduma kwa wateja papo hapo, tena kwa raha kabisa, kama mtu anayempigia rafiki. Aliuliza ni hitilafu gani, imefanywa na nani, na huyo mtu anaitwa nani. Vijana wa huduma kwa wateja walimwambia asubiri, na yeye alisubiri huku akila machungwa. Wengine walikata simu. Alipiga tena.

Niliwahi kumwambia anawaonea vijana wa watu ambao hawana habari. Alisema anajua. Alisema lakini siku moja mmoja wao atachoka, aende kwa mkubwa wake akamuulize, na mkubwa aone haya. Sidhani kama iliwahi kutokea. Yeye hakujali kama ilitokea au haikutokea.

Usinielewe vibaya ukadhani namchora malaika. Subira yote aliyokuwa nayo aliimalizia kwa mashine, watu wakabaki na makombo. Kwenye foleni alifoka. Aliendesha kagari kake kadogo kutoka Kabiria hadi Hurlingham kana kwamba barabara ilijengwa kwa ajili yake, honi haikauki, na akikupita kushoto alikutazama kwa hasira kwa sababu ulikuwa mahali anapotaka kupita. Huyu aliyetufundisha tusiguse kitu kabla ya kusoma alinunua jiko la gesi, akatupa karatasi ya maelezo bila kuifungua, na nusura aunguze nyusi. Geti la nyumba yake lilifungwa kwa waya miaka yote niliyomjua. Skrini ya simu yake ilikuwa imepasuka toka pembe hadi pembe. Ukimtajia, alisema inafanya kazi.

Alikuwa mtu wa kanisa, Mkamba wa Machakos aliyelelewa kwa nyimbo, na sauti yake ya kwaya ungeisikia hata akipiga chafya. Lakini hakuchanganya mambo. Mwenzetu mmoja, seva ndogo ilipozima, aliwahi kuiwekea mkono na kuikemea roho iliyomo. Madam alisimama kwa adabu, akafumba macho, akangoja mpaka mwisho.

"Amina," akasema. "Sasa soma log."

Log ndiyo ile kumbukumbu ambayo seva hujiandikia yenyewe kila kitu kinachotokea. Mwenzetu akaisoma. Kumbe diski ilikuwa imejaa.

Na hakujua kuomba msamaha. Siku moja alinifukuza chumbani mbele ya watu kwa sababu nilisema nimeangalia kitu ambacho kweli nilikuwa nimekiangalia, ila yeye hakuamini. Nilikwenda nyumbani nimekasirika. Kesho yake nilikuta kwenye meza yangu bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, la moto, limefunikwa kwa kitambaa. Alikuwa ameliweka yeye, akaingia stoo. Nilikula nikiwa bado nimekasirika, na lilikuwa tamu sana, jambo lililoniudhi zaidi.

Sasa nifike kwenye fahari yake, maana ndiyo iliyomponza. Seva kubwa haikuwahi kuzimwa kwa miaka. Katika kazi yetu hiyo ni sifa, kama dereva anayejisifu kwamba hajawahi kugonga. Wageni wakija, Madam aliwapeleka stoo, akawaonyesha kwenye skrini muda ambao mashine imekaa macho, akasimama kando na mikono yake kwenye mifuko ya sweta. Alikuwa akituambia ukibadilisha kitu ujaribu hapohapo, zima uwashe, uone kama itaamka. Lakini ile kubwa hakuna aliyethubutu kuizima, na yeye mwenyewe hakuthubutu. Tuliibadilishia mambo ikiwa inakwenda, ikaendelea kwenda, tukaridhika.

Siku yenyewe ilianza kwa umeme kupotea asubuhi. Hilo halikuwa jambo geni. Jipya ni kwamba betri zilikuwa zimechoka, na jenereta ilikohoa ikanyamaza kwa sababu kila mtu alidhani mwingine ameitilia dizeli. Seva kubwa ikazima kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Umeme uliporudi mashine yenyewe iliwaka vizuri, ila programu inayozionyesha tovuti ikagoma kuamka. Madam alikuwa bado njiani, na mwenzangu wa zamu, kwa hofu, akaanza kujaribu amri moja baada ya nyingine alizookota mtandaoni.

Alipofika aliirudisha mikono yetu mfukoni, akatuuliza tumefanya nini. Mwenzangu alitaja nusu. Nusu ya pili Madam aliichimbua mwenyewe, akikunja uso. Kila programu inayozungumza na dunia huwa na mlango wake, na majaribio ya mwenzangu yalikuwa yameacha nakala kadhaa za programu, zikiwa nusu hai, zimeushikilia mlango huo. Ikabidi azitoe moja moja. Asubuhi nzima ikaenda katika kusafisha uchafu wa msaada wetu, na tatizo lenyewe bado hajalifikia.

Mkurugenzi akaingia, simu kila mkono. Nitamtendea haki. Alikuwa Mhindi wa hapahapa Nairobi, baba yake aliuza cherehani mjini, na alilelewa dukani akifundishwa kwamba mteja akikasirika umekosea. Alikuwa mpole, hakupenda kelele, na siku hiyo kelele zilikuwa zinamtoka masikioni. Hoteli zilikuwa hazipokei wageni. Zahanati ilikuwa haioni miadi ya wagonjwa wake.

"Madam, please," alisema. "Rudisha backup ya Sunday, tuendelee na maisha."

"Na vitu za kutoka Sunday mpaka leo?"

"Wateja wataelewa. Ni siku chache tu."

"Boss, ile ya Kabiria inafungwa leo jioni. Watu wameandika tangu Monday. Tukirudisha ya Sunday, hao watu hawakusema kitu."

Hoja ya Mkurugenzi haikuwa ya kijinga. Tovuti ya Kabiria ilikuwa moja, ya bure, aliyoikubali kwa sababu Madam alimwomba. Wakazi walipewa juma moja tu la kutoa pingamizi zao, na wengi wao, kama ilivyo kawaida yetu, walingoja siku za mwisho. Kurudisha nakala ya Jumapili kungefuta kila kilichoandikwa baada yake. Kuziweka pingamizi pembeni kwanza kungehitaji kunakili hifadhi yote ya mashine, na diski za akiba zilikuwa zimejaa. Kwa hiyo, kwa tulivyojua wakati ule, ilikuwa ama zile pingamizi, ama wateja wote wengine warudi hewani mara moja.

"Hiyo sifanyi," Madam akasema.

Mkurugenzi akasema basi atamwambia mwingine afanye. Alitutazama. Madam naye akatutazama. Halafu akavuta kiti, akakaa mbele ya kibodi, akajipanga vizuri kama mama anayeketi kanisani kwenye benchi yake.

"Mwambie," alisema. "Lakini atanitoa kwenye hiki kiti kwanza."

Hakuna aliyesogea. Nakumbuka sikuwa na woga peke yake, nilikuwa na furaha pia, furaha mbaya ya kuona mtu mkubwa ameambiwa hapana. Mkurugenzi akatoka kwenda kupokea simu. Madam akaiambia programu iwake, ikagoma, akafungua log, akasoma kwa sauti mstari wa mwisho. Kisha akausoma tena.

Mkurugenzi akarudi mlangoni. Hapo akamweleza kwa Kiswahili, polepole, kama alivyokuwa akitulazimisha sisi.

"Inatafuta folda ya duka la maua, iandike kumbukumbu zake. Folda haiko. Sasa haijui iandike wapi, na imeamua kama hiyo moja haiwezekani, haiwashi mtu yeyote."

"Duka la maua lilifungwa kitambo," Mkurugenzi akasema. "Nani alifuta folda?"

"Ni mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mteja wa maua alipoondoka, Madam alifuta vitu vyake vyote, akasahau kuliondoa jina lake kwenye mipangilio. Seva haikujua, kwa sababu ilikuwa ikiendelea na mipangilio iliyoisoma ilipowashwa mara ya mwisho, na haikuwa na haja ya kuisoma tena. Kosa likakaa humo miezi na miezi, likisubiri siku umeme utakapokatika. Angeizima na kuiwasha mara moja tu siku ile alipofuta, angeliona papo hapo. Yeye aliyetuimbia kila siku kwamba tujaribu hakujaribu.

Akaitoa ile mistari ya duka la maua. Akaiambia programu ikague mipangilio yake, ikasema iko sawa. Akaiwasha. Tovuti zikarudi moja baada ya nyingine, simu zikapungua, na ya Kabiria ikafunguka na pingamizi zake zote ndani. Ilikuwa bado mchana. Watu waliendelea kuandika hadi jioni, na karibu na mwisho nikaona Madam mwenyewe ameandika la kwake, refu, lenye maneno makali kidogo.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, na kwa mtu mwingine yangeishia hapo. Mkurugenzi alikuwa ameshatulia. Alimletea chai. Akamwonyesha ujumbe aliotaka kuwatumia wateja, wenye jina la Madam chini kama mkuu wa seva. Ulisema huduma ilikatika kutokana na hitilafu ya kiufundi ambayo sasa imerekebishwa.

Madam akaomba kibodi. Akaandika wa kwake, na mimi niliusoma nyuma ya bega lake. Ulisema umeme ulipotea na jenereta haikuwa na dizeli. Ulisema seva haikuwaka kwa sababu yeye, kwa jina lake kamili, alifuta folda ya mteja aliyeondoka, akasahau kuondoa jina lake kwenye mipangilio, na hakujaribu kuwasha upya. Ulisema hakuna kilichopotea, na kwamba hataki mtu mwingine alaumiwe.

Mkurugenzi alisema ujumbe kama huo utafukuza wateja. Akambembeleza. Akamkumbusha miaka waliyofanya kazi pamoja, na jinsi baba yake, yule wa cherehani, alivyompenda Madam. Madam alijibu kwamba baba yake alipouza cherehani mbovu alirudisha pesa na kusema cherehani ni mbovu. Nadhani hilo lilimuuma zaidi kuliko yote. Mwishowe alisema kwa sauti ya chini kwamba ujumbe wa kampuni utakwenda kama alivyouandika yeye, na kama Madam hawezi kuuwekea jina lake, basi hawezi kuwa mkuu wa seva wake.

"Basi siwezi," Madam akasema.

Ujumbe ulikwenda bila jina la mtu. Yeye aliondoka mwisho wa mwezi, bila keki na bila hotuba. Nilikasirika wakati ule, na nimekasirika hadi leo. Nilimkasirikia Mkurugenzi, na nilimkasirikia yeye pia. Niliona amechezea kazi yake kwa sababu ya sentensi moja ambayo kila mtu huiandika na hakuna anayeisoma.

Baadaye alipata kazi Kilimani, kwenye jengo la vioo, miongoni mwa vijana wanaokuja ofisini na chupa za maji zenye majani ndani. Walimpenda. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio aliponipigia simu kwamba suala la kiwanja limefika kwa jopo la kusikiliza pingamizi, ukumbi mmoja katikati ya jiji, na yeye ameitwa kuwa shahidi. Hakuniomba kitu. Alisema tu kama nina nafasi nije.

Tulikutana kwanza kwenye mkahawa ulio mkabala na ukumbi. Alikuwa amevaa suti ya rangi ya damu ya mzee na viatu vilivyokuwa vikimbana, akavivua chini ya meza. Akanieleza hali. Upande wa pili ulikuwa umepata ule ujumbe wa kampuni. Wakili wao alikuwa anasema kama ifuatavyo: seva yenye pingamizi ilikufa siku ya mwisho kabisa, ikakaa sehemu kubwa ya siku mikononi mwa watu wasiojulikana, ikarudi na pingamizi tele, na kampuni yenyewe haiwezi kusema zaidi ya hitilafu ya kiufundi. Hitilafu gani? Hakuna anayejua. Katika giza hilo mtu angeweza kuandika chochote. Jopo likimkubali, pingamizi zote zitatupwa, na tingatinga litaingia kiwanjani.

Wakubwa wake wa Kilimani nao walikuwa wamempigia. Walimwambia kwa lugha nzuri sana kwamba jina lake likitoka hadharani kama mtu aliyeangusha tovuti za mji mzima, itakuwa vigumu kwao kumthibitisha kazini.

Nikajaribu kumsaidia. Nikamwambia si lazima aseme yote. Anaweza kusema kulikuwa na kosa la mipangilio, na hilo ni kweli, na linatosha.

"Mipangilio ya nani?" akaniuliza.

Akaniambia ninywe chai, inapoa. Kisha akaanza kunisimulia habari za kwaya yao, nani amegombana na nani, na akacheka, huku miguu ikivitafuta viatu chini ya meza. Nilimpenda sana wakati ule, na niliogopa kwa ajili yake.

Ile kazi ya Kilimani aliipoteza baadaye. Nalisema hapa kwa makusudi, lisije likanilazimisha nimalizie nalo.

Ukumbini, watu wa Kabiria walikuwa wamejaa nyuma, wengine wamesimama. Mbele walikaa wajumbe watatu wa jopo, na mwenyekiti wao alikuwa mwanamume mwenye mvi na uso wa kuchoka. Wakili alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya kupendeza. Aliwakilisha kampuni iliyokuwa na herufi nyingi na anwani ya sanduku la posta, na siku zote hizo hakuna mkazi aliyewahi kumwona mwenye kampuni hiyo wala kusikia jina lake. Akamwinulia Madam ile karatasi ya ujumbe.

"Madam, wewe ndiye ulikuwa in charge ya hiyo server?"

"Ndiyo."

"Na hii hitilafu ya kiufundi, unaweza kulieleza jopo ilikuwa ni nini?"

"Hakukuwa na hitilafu ya kiufundi," akasema. "Kulikuwa na mimi."

Akaeleza yote. Alieleza umeme, dizeli, duka la maua, folda, jina lililobaki kwenye mipangilio. Alieleza mwenzetu alijaribu nini, na yeye akatoa nini, na jinsi log ilivyoandika kila mguso, na kwamba yuko tayari isomwe mstari kwa mstari na mtu yeyote watakayemleta. Alieleza kwa Kiswahili cha mtu yeyote, bila kujificha nyuma ya neno hata moja. Mwenyekiti aliacha kuandika akawa anasikiliza, na mara moja akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa kitu alichokuwa akiambiwa maisha yake yote kwamba hakiwezi kueleweka.

Wakili alingoja amalize. Alikuwa mwerevu, aliona mlango mwingine.

"Kwa hivyo unakubali, mbele ya jopo hili, kwamba ulikuwa mzembe?"

"Nakubali. Waandike."

"Na mtu mzembe namna hiyo, jopo limwamini vipi?"

Madam alimtazama kidogo. Hakupandisha sauti.

"Mimi nimesema nilichofanya, na jina langu mmeandika hapo. Wale waliopinga, kila mmoja ameandika jina lake na nyumba yake. Sasa na wewe tuambie, huyu anayetaka kiwanja anaitwa nani?"

Wakili akageuka kulalamika. Mwenyekiti akamkumbusha Madam kwamba hapa shahidi hujibu, haulizi. Madam akasema amesikia, na kama ni hivyo, basi anamwomba mwenyekiti amuulizie.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena. Kisha akamgeukia wakili, akamuuliza.